Kichwa cha Kufungulia

Mlango ulifungwa juu ya vidole vya Rahaf, na aliyeufunga alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Hakuufunga kwa bahati mbaya. Muhanad aliuona mkono wa dada yake umeshika mwimo, akautazama vizuri, kisha akausukuma mlango kwa bega lake lote. Kilisikika kitu kama ukuni mkavu ukivunjwa. Rahaf akapiga ukelele uliowatoa majirani wa Usagara pale Tanga majumbani mwao, wakaja wakajaa barazani, wakatazama. Hakuna aliyeingilia. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na siku ile mtaa mzima ulikuwa wa wakulima hodari.

"Hiyo ndiyo mikono ya kusukia vichwa vya watu," Muhanad alisema, akihema. "Haya, kasuke nayo."

Zamani alikuwa akimwita dada, maana Rahaf ndiye mkubwa na ndiye aliyembeba mgongoni. Lakini tangu habari ya saluni ilipoanza, udada ulikwisha. Ikawa "wee Rahaf", na mara nyingine "wee" peke yake.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya chumba cha mbele. Baba yao, marehemu Sleyum, alikuwa akiuza vitambaa humo, na alipofariki urithi ukagawanywa kama sheria inavyotaka: shamba la minazi la Tongoni likaenda kwa Muhanad pamoja na vyumba vya nyuma, Rahaf akapata chumba kile kimoja kinachotazama barabara. Alikuwa ametoka kuachika Pangani, amerudi na sanduku na mkeka. Alikaa miaka akisuka watu uani, juu ya kigoda, yeye na shoga yake Consolata, mwanamke wa Mwera aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge na kufundishwa ususi na mama yake. Consolata ndiye aliyemfundisha Rahaf. Sasa wawili hao walikuwa wamepaka chumba rangi ya waridi, wametundika pazia zito mlangoni, wamenunua vioo, madraya, mabeseni na viti vya kuzunguka. Saluni ya wanawake peke yao. Ilibaki wiki moja tu wafungue.

Muhanad hakutaka hata kusikia. Yeye alikuwa amechumbia. Na hakuchumbia hivi hivi. Alichumbia kwa Bi Malak, mjane mwenye mashamba na jina, mwanamke ambaye akipita njiani na buibui lake watu humpisha bila kuambiwa. Harusi yake na Aliya, binti wa Bi Malak, ilikuwa imeshapangiwa mwezi.

"Mie naoa kwa Bi Malak," alikuwa akisema kila siku. "Unataka waseme binti yao kaingia nyumba inayoosha watu mba? Unataka Bi Malak akanitemee mate?"

Rahaf angeweza kummaliza kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa mdomoni mwake hata pale vidole vilipokuwa vimebanwa. Mtu wa kwanza kukalia kiti cha saluni ile angekuwa huyo huyo Bi Malak.

Wasusi wa pale hawafungui mlango ovyo. Kabla mteja wa kwanza hajaingia, husukwa kichwa kimoja bila malipo, kichwa cha kufungulia, na hakichukuliwi kichwa chochote tu. Hutafutwa mwanamke mtu mzima mwenye nyota, aliyezaa akalea, asiyewahi kuzika mtoto. Kichwa chake kikimalizika vizuri, kazi itakuwa na fali njema. Kikiachwa nusu, afadhali uuze vioo vyako mapema ukafuge kuku. Bi Malak alikuwa na wana wawili wakubwa, Luay na Shekhe, na binti mmoja, wote wazima. Alimpenda Rahaf kwa mkono wake mwepesi. Alikubali kuja, lakini kwa sharti.

"Nywele zangu hazijaonwa na mwanamume isipokuwa marehemu," alimwambia. "Nitakuja Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Na nikisikia habari imetoka nje kabla sijatoka mie, sikujui, hunijui."

Rahaf aliapa. Kwa hiyo akauma meno, Consolata akamfunga vidole viwili vya mkono wa kushoto kwa vijiti na bandeji, na neno likabaki mdomoni.

Muhanad alipoona vidole havikutosha, alikuja tena siku ya pili yake na spana kubwa ya gari. Yeye alikuwa muuza vipuri, spana hazikumpungukia. Aliingia bila hodi, akapiga kioo cha kwanza, akapiga cha pili, vipande vikaruka mpaka kwenye nywele za Consolata aliyekuwa ameinama akipasha kitana cha chuma juu ya jiko la mkaa, kujaribu kama kinashika moto sawasawa. Kioo cha tatu kilisalimika kwa sababu kilikuwa hakijatundikwa. Kilikuwa kimeegeshwa chini ukutani nyuma ya viti, na Muhanad hakuwahi kukifikia. Rahaf alikinyanyua kile kitana jikoni kwa mkono wake mzima, akamkandamiza nacho ndugu yake chini ya kiwiko.

Ilitoka harufu. Muhanad aliangusha spana, akalia kama mtoto, akampiga dada yake kofi la uso lililompeleka mpaka kwenye madraya. Rahaf aliinuka na mdomo unaovuja damu, kitana bado mkononi, akamfuata. Alikuwa anacheka. Ni lazima lisemwe: alifurahi. Alitamani amtie kile kitana usoni, mahali ambapo kila mtu ataliona kovu, na kama Consolata asingemkumbatia kiuno kwa mikono yake iliyozoea kubeba mizigo ya mkonge, angemtia.

"Wallahi," Muhanad alisema akiwa amesimama barabarani, ameshika mkono wake, "siku nikikukuta umeinama na beseni humu, nakivunja hicho kichwa chako. Mbele ya Mungu nasema."

"Kapake asali," Consolata akamjibu. "Utapona upesi."

*

Ijumaa ilifika. Adhana ilipolia na wanaume kuteremka na kanzu zao, Bi Malak aliingia kwa mlango wa mbele, akavuta pazia, akavua buibui, akavua ushungi, akavua na gauni lake zuri lisije likarukiwa na maji. Rahaf akampa dera lake la kijani, lile alilokuwa akilivaa kazini siku zote. Nywele za yule mama zilikuwa nyingi, ndefu, zenye mvi chache zilizojificha kwenye paji, na ukimwona hivyo, bila nguo nyeusi na bila ukali, ungesema ni dada yake Bi Malak, si yeye.

"Mbona hakuna ubani?" akauliza.

Walikuwa wamesahau ubani. Consolata Mkatoliki ndiye aliyejipiga paji la uso, akasema haiwezekani kichwa cha kufungulia kikasukwa bila moshi, akachukua kitenge chake akatoka kutafuta duka lililo wazi saa ile ya swala. Rahaf akamkalisha Bi Malak kwenye kigoda, akamwinamisha juu ya beseni lililowekwa kwenye ukingo wa saruji, akamtia shampuu, akamsugua kwa vidole vinane vizima. Bomba la mle ndani lilikuwa bado halijaunganishwa. Ilipofika wakati wa kusuuza, alichukua ndoo akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuchota uani.

Muhanad alikuwa amekaa msikitini safu ya nyuma. Swala ilipokwisha, wakati watu wanatafuta viatu, rafiki yake mmoja mwenye ulimi mrefu akamwambia, "Yakhe, wiki ijayo tunawaleta wake zetu kwa dadako. Na wewe utakuwepo, uwashikie taulo?" Watu wakacheka. Ilikuwa mzaha wa kawaida wa watu waliotoka kuswali na wanaokwenda kula biriani. Kwa Muhanad haukuwa mzaha. Alikuja mbio, pindo la kanzu ameshika mkononi.

Rahaf alirudi na ndoo yake, akafika mlango wa nyuma, akamwona ndugu yake. Alikuwa amempa mgongo. Pazia la mbele lilikuwa limeng'oka upande mmoja, na Muhanad alikuwa amesimama katikati ya chumba anatazama mgongo wenye dera la kijani, kichwa kimeinama kwenye beseni, nywele zimejaa povu zimemwagika mbele. Alitazama kitambo kidogo sana. Kisha mkono wake wenye bandeji ya kuungua ukaingia ndani ya zile nywele.

Hapo Rahaf alikuwa na nafasi. Asiseme mtu kwamba hakuwa nayo. "Mie niko huku" ni maneno matatu. Hata "Muhanad" lingetosha, lingemgeuza. Lakini mwili wake ulikuwa umeshaujua mkono ule, ulikuwa unaungoja tangu siku ya mlango, na ulipoona mkono umekwenda kwenye kichwa kingine ulishusha pumzi kabla akili haijauliza ni kichwa cha nani. Safari hii si mimi. Hilo ndilo lililompitia. Alisimama na ndoo, mdomo umefunguka, na sauti haikutoka.

Muhanad alikivuta kile kichwa juu, akakipigiza kwenye ukingo wa saruji. Beseni likapinduka. Akakivuta tena, akakipigiza tena, na mara hii kitu kikakatika ndani ya mdomo wa yule mwanamke, povu jeupe likawa jekundu.

"Nilikuapia," alikuwa akisema. "Nilikuapia au sikukuapia?"

Alikuwa anakivuta mara ya tatu Consolata alipoingia. Yeye hakusimama kufikiri. Aliangusha ubani wake, akanyakua kigoda kingine kilichokuwa karibu na mlango, akampiga nacho Muhanad kati ya mabega mpaka mguu mmoja wa kigoda ukavunjika.

"Mwendawazimu wee, huyo ni Bi Malak."

Muhanad aliachia. Yule mwanamke akajiinua taratibu, akishika ukingo, akageuka, nywele zimegawanyika usoni, damu inashuka kidevuni mpaka kwenye dera. Walitazamana, mkwe na mkwe. Na hapa ndipo utakapojua mtu alivyolelewa: kumpiga alikuwa ameshampiga, meno ameshayang'oa, lakini lililomtia kiwewe Muhanad lilikuwa ni kumwona kichwa wazi. Alijifunika uso kwa viganja vyake vilivyojaa damu na povu, kama mtu aliyemfumania mkwewe anaoga. Akarudi nyumanyuma hivyo, kipofu, akijikwaa kwenye viti, mpaka akatoka nje bila viatu.

Ndoo ilimponyoka Rahaf. Maji yakatambaa sakafuni yakachanganyika na yale mengine.

"Ee Mungu wangu," Consolata alisema. "Bibi, kaa. Kaa, tutafute bajaji, twende hospitali."

Bi Malak alitema kwenye kiganja. Yalitoka mawili. Akayatazama, akayafunga kwenye kitambaa cha mkono, akaomba mkoba wake, akatoa simu. Sauti yake ilikuwa nzito kwa uvimbe, lakini haikutetemeka.

"Luay, njoo na nduguyo. Muhanad kanitoa meno. Atakuwa vyumba vya nyuma hapa kwao, hana pengine pa kukimbilia. Mtoeni mniletee hapa mlangoni kwa dadake." Akasikiliza. "Hapana, msimuue."

Kisha akakalia kiti cha kuzunguka, akajifuta mdomo kwa taulo, akamwelekea Rahaf.

"Haya. Nisuuze, unisuke."

"Mama, unavuja damu."

"Kichwa kimeshaanzwa. Unataka kiachwe nusu?"

Rahaf hakutaka. Hilo nalo lisemwe. Huruma alikuwa nayo, na aibu iliyomfanya asiweze kumtazama yule mama machoni, lakini chini ya hayo yote kulikuwa na chumba cha waridi, na viti, na miaka ya kusuka juani uani huku ndugu yake akipita na kusonya. Akamsuuza. Akamkausha. Akachukua kitana, akagawa nywele katikati.

*

Waliwasikia kabla ya mstari wa kwanza kufika kisogoni. Gari lilisimama kwa kishindo, mlango wa uani ukapigwa teke, mbio zikazunguka vyumba vya nyuma. Muhanad alipiga kelele mara moja walipomkuta. Wakamburura kupitia uchochoro mpaka barazani, nje ya lile pazia lililoning'inia upande, na Luay akasema kwa adabu kabisa, "Mama, tumefika."

"Anzeni," Bi Malak akasema.

Walikuwa na bakora, na Shekhe alikuwa na kipande cha boriti ya mkoko. Bakora ina sauti yake ikishuka, na mkoko una yake, na mtu akiwa ndani ya pazia hahitaji kuambiwa ni kipi kimepiga wapi. Consolata alitupa taulo akatoka nje mbio. Alisikika akisema wamwache, mtoto wa watu huyo, mtamuua. Kisha bakora ikashuka mahali pasipo Muhanad, na Consolata akanyamaza, kisha akaanza tena kuomba kwa sauti ya chini zaidi.

Rahaf aliacha kusuka.

"Ukitoka, natoka," Bi Malak alisema, akitazama ukuta mtupu palipokuwa na kioo. "Na nikitoka na kichwa nusu, wanawake wote wa Tanga hii watajua kimeachwa nusu. Utamsuka nani kwenye kiti hiki?"

"Mama, ni ndugu yangu."

"Najua ni nduguyo. Kile kioo pale chini, unakiona?"

Kioo cha tatu kilikuwa palepale ukutani, kimerukiwa matone.

"Nilikuwa nimeinama," Bi Malak alisema. "Aliponishika alinivuta kichwa juu kidogo. Nikakiona kioo. Nikauona mlango wa nyuma, na wewe umesimama na ndoo yako. Hukufika baadaye, Rahaf. Ulikuwepo. Ulinyamaza mie nikipigwa. Sasa nyamaza hivyo hivyo, yeye anapigwa."

Rahaf alirudisha mkono kwenye nywele.

Nje, Muhanad alikuwa ameacha kuapa na kutukana. Alikuwa ameanza kuita. Alimwita mama yao aliyekufa. Kisha akaita, "Dada." Akaita tena, "Dada Rahaf, dada," kwa sauti ile ya zamani, ya mtoto aliyefukuzwa na mbwa anayejua kuna mgongo wa kurukia. Rahaf alijua njia moja ya kumsaidia bila kutoka: amalize upesi. Akaanza kusuka haraka, akashika mafungu makubwa, mistari minene, vidole vyake vilivyovunjika vikimchoma mpaka machozi yakamtoka, lakini vikaenda. Mstari, mwingine, mwingine.

Bi Malak akapeleka kidole juu ya kichwa chake, akakipitisha taratibu.

"Minene hii," akasema. "Hivi ndivyo utakavyowasuka watu? Fumua."

Boriti ikashuka nje. Kilichovunjika safari hii kilikuwa kikubwa kuliko kidole.

"Mama, nakuomba."

"Fumua, mwanangu. Suka ndogondogo, kama ulivyonisuka siku ya harusi ya mpwa wangu. Hatuna haraka."

Pazia lilikuwa hatua chache tu. Rahaf alilitazama. Aliona vivuli vinainuka na kushuka nyuma yake, akaona pindo limelowa, na mkono wa ndugu yake umepita chini ya pindo lile, kiganja kinakwaruza sakafu kutafuta ndani. Alikuwa anamsihi. Yeye, aliyemfungia mlango juu ya mkono. Na hata hivyo alikuwa Muhanad wake, aliyempaka kamasi begani utoto mzima, na Rahaf alitaka kwenda. Alitaka hasa. Miguu ilikuwa yake, hakufungwa kamba.

Akafumua. Akagawa upya, ndogondogo, akachovya kidole kwenye mafuta, akasuka. Alisuka vizuri. Hilo ndilo lililomtisha baadaye kuliko yote, kwamba kichwa kile kilikuwa kizuri, mistari imenyooka kama mashamba ya mkonge, hakuna hata mmoja uliopinda. Mkono wa Muhanad ulikaa chini ya pazia muda mrefu, kisha ukavutwa ukatoka. Kuita kukapungua, kukawa kukoroma, na Consolata peke yake ndiye aliyesikika, akisali kwa sauti, Salamu Maria, Salamu Maria, kama mtu anayefukuza inzi kwa kitambaa.

Rahaf alifunga ncha ya mwisho. Bi Malak akapapasa kichwa kizima, mbele na nyuma, akatikisa shingo kuona kama pamevutwa sana.

"Mkono mwepesi," akasema. Kisha akapaza sauti: "Basi, wanangu. Yatosha."

Alivaa gauni lake, akavaa ushungi, akavaa buibui. Kabla ya kutoka aliweka kiganja juu ya kichwa cha Rahaf, akasoma dua ya kuomba baraka juu ya kazi, yote, mpaka amina, kwa mdomo wake uliovimba. Akatoka akapita kando ya kile kilicholala barazani bila kukitazama, na gari likaondoka.

*

Consolata ndiye aliyempakia Muhanad kwenye bajaji, na mgongo wake mwenyewe una mfereji wa bakora. Hospitali walipouliza, mgonjwa akasema ameanguka kutoka juu ya mnazi. Hakuna aliyemwamini, maana hakuna aliyewahi kumwona mtoto wa Sleyum akipanda mnazi, lakini angesema nini? Angesema kwa polisi kwamba alimshika mkwewe nywele? Jambo la aina hiyo halina pa kushtakiwa. Aliya alirudisha pete kupitia mtu baki, na hakuna aliyeuliza sababu.

Consolata alirudi kuchukua jiko lake na kitana chake cha chuma. Rahaf alikuwa anatundika kile kioo kilichobaki.

"Usiende," Rahaf alimwambia. "Saluni hii ni yetu sote."

"Nilipigwa mie kwa ajili ya nduguyo," Consolata alisema. "Sina hata tone la damu yake. Nawe ulikuwa hatua mbili, unapaka watu mafuta." Hakusema kwa hasira. Alikuwa na huzuni, na huzuni ya Consolata ilikuwa nzito kuliko matusi ya mtu mwingine. "Mie nitasuka uani kwangu. Wee ufungue, Mungu akujalie."

Alifungua siku ileile aliyopanga. Wanawake walijaa mpaka barazani. Walikuwa wamekiona kichwa cha Bi Malak kwenye shughuli, nyumba ya wanawake, ushungi ulipovuliwa; waliuliza ni mkono wa nani, wakaambiwa. Kuhusu meno, Bi Malak alisema aliteleza bafuni. Hakuna mwanamume aliyesogelea pazia lile tena, hata muuza kahawa alivuka barabara. Rahaf aliajiri wasichana. Akanunua vioo vingine. Ilikuwa kila kitu alichokitaka, na alikitaka bado. Asubuhi akiingiza ufunguo moyo wake ulikuwa unaruka kwa furaha, na furaha ile ilimchukiza, na haikuacha kuja.

Muhanad alirudishwa nyumbani baada ya wiki kadhaa, goti limekauka, jicho moja halioni vizuri, taya limefungwa waya. Alilala chumba cha nyuma. Rahaf alimpikia uji kila asubuhi kabla ya kazi, akamnywesha kwa kijiko, akamfuta mdomo. Siku waya zilipotolewa, ndipo Muhanad alipoweza kuuliza.

"Dada," alisema. Maneno yalitoka yamepinda. "Siku ile nilikuita. Ulikuwa wapi?"

Rahaf alikuwa anapoza uji. Angeweza kusema alikuwa amezimia. Angeweza kusema walimshika. Consolata hakuwa amemwambia mtu, na Bi Malak hakuwa na haja.

"Nilikuwa ndani," akasema. "Nilikuwa nasuka."

Muhanad alimtazama kwa jicho lake moja.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Aligeuza uso ukutani, na kijiko kikabaki hewani. Huko mbele wanawake walikuwa wameshaanza kubisha hodi. Rahaf aliliweka bakuli juu ya kiti, karibu na mkono wa ndugu yake, akajifuta vidole, akaenda kufungua.